Acheni kumwaga hamira kipupwe

Kila ikikaribia Idi Kubwa swali la mkate wetu wa mchele na nazi ni lile lile: "Baridi hii mkate wa kumimina hauumuki, niongeze hamira kiasi gani?" Na wajuzi hawakosekani. Weka vijiko vitatu. Weka vinne. Idi Kubwa za 2023, 2024 na 2025 zote ziliangukia Juni, na miaka yote mitatu ushauri ulikuwa huo huo, na mikate iliyonuka hamira ikawa ile ile.

Baridi gani hasa tunayoizungumzia? Usiku wa Juni na Julai Unguja huteremka mpaka nyuzi 22 hivi. Hamira kwenye nyuzi 22 haijafa wala haijalala, inakwenda pole pole tu. Joto likipungua nyuzi 10, kasi yake hupungua kama nusu. Kwa hivyo mchanganyiko unaoumuka kwa saa moja mchana wa Februari, kaskazi imepamba moto na nyuzi zimepita 32, Julai utataka saa mbili. Kinachokosekana hapo ni saa moja ya kungoja.

Na saa hiyo mnayo. Ingekuwa Idi Ndogo ningefahamu, mwezi umetangazwa saa tatu za usiku na mchele bado umo kwenye gunia. Idi Kubwa ni mwezi 10 Mfunguo Tatu, mwezi ukiandama unaijua siku tisa kabla. Tena sunna ya siku ile ni kutokula mpaka watu warudi kusali. Haraka ya nini, jamani?

Vipimo kwanza, nivipitishe haraka kwa sababu si huku kunakoharibika. Mchele vikombe 2, kama gramu 400. Mapembe unatosha, basmati kwa mkate ni kutupa pesa. Kasimile, yaani tui zito la kwanza, kikombe 1 na robo, na robo nyingine iwe pembeni. Hamira ya chenga kijiko 1 cha chai kilichosawazishwa. Sukari robo tatu ya kikombe. Iliki punje 6 au 8, zitwange. Ute wa yai 1. Mchele uroweke usiku kucha, au saa 6 kwa uchache, kisha uchuje maji yote. Punje isiyolainika haisagiki. Inabaki chenga chenga, inazama, na chini ya mkate unapata tabaka la mchanga.

Sasa tuje kwenye kinachoniudhi. Kinachoharibu mkate wa kipupwe mara nyingi ni tui.

Angalieni chupa ya mafuta ya nazi asubuhi ya Julai: imeganda, nyeupe. Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na kasimile imejaa mafuta hayo hayo. Mtu anakuna nazi jioni, anakamua, anatia tui kwenye friji. Alfajiri analitoa likiwa zito kama siagi, analitia kwenye blenda pamoja na mchele ambao nao ulilala frijini, anasaga. Mchanganyiko unatoka mzito na wa baridi. Yeye anauona mzito, anaongeza maji nusu kikombe. Anangoja nusu saa, haoni povu, anaongeza hamira. Jua la saa nne linapopiga jikoni mchanganyiko unapata joto, mafuta yanayeyuka, rojo lililoonekana zito linakuwa jepesi kama maji ya uji, na hamira yote aliyoimwaga inaamka kwa mpigo mmoja. Linapanda mpaka mdomoni mwa bakuli, watu wanashangilia, kisha linashuka. Anaumimina hivyo hivyo. Mkate unakuwa mfupi, umezama katikati, ndani mbichi unanata, harufu ya hamira inakulaki mlangoni. Halafu inalaumiwa baridi.

Dawa haina gharama. Nazi ikamue kwa maji ya uvuguvugu, yale ambayo kidole kinakaa ndani bila kukereka. Mafuta yanatoka vizuri zaidi kwenye nazi, na tui linaingia kwenye blenda likiwa na joto linalotakiwa. Maji yanayochemka usiyatie, yanaua hamira. Kama tui limelala frijini, lipashe kwa kuliweka bakuli juu ya maji ya moto, ukoroge mpaka lirudi kuwa laini, usilichemshe. Mchele nao uroweke nje ya friji. Kaskazi maji yake yabadilishe mara moja usiku yasichache, kipupwe hayana neno. Na blenda yenyewe ikisaga dakika nne au tano kwa mikupuo hupata joto, msiikimbie. Ukitia kidole kwenye mchanganyiko ukauona hauna baridi wala moto, umeshamaliza kazi ya kipupwe. Uzito upime hapo, ukiwa na joto hilo: unatiririka kutoka kwenye kijiko kama utepe usiokatika, na alama yake juu inakaa kidogo kabla ya kupotea.

Hapa niseme jambo ambalo vitabu vya mapishi hulipita. Nazi hazifanani. Nazi mbili za mnazi mmoja hazitoi mafuta sawa, na mchele wa mwaka jana hunywa maji kuliko mpya. Ndiyo maana ile robo kikombe ikawa pembeni, na ndiyo maana mtu akikwambia "dakika 45" umuulize dakika hizo ni za jiko la nani. Mimi mwenyewe siziamini dakika, naangalia rojo: limepanda karibu mara mbili, juu vipovu vidogo vidogo vimesongamana, ukilitikisa linatetemeka. Ukiona utando umebaki kwenye ukuta wa bakuli juu ya usawa wa rojo, limeshapita na kushuka. Likoroge, lingoje dakika 20, na sasa usichelewe tena.

Kwa nini hamira nyingi inaharibu? Unga wa ngano una utando wake unaovutika na kushika hewa, kwa hivyo ukizidisha hamira unasamehewa. Mchele hauna. Povu la mkate wa kumimina linashikwa na uzito wa rojo na ule ute wa yai basi. Hewa ikija nyingi kwa haraka, vipovu vinaungana, vinakuwa vikubwa, vinapasuka. Ikija taratibu vinabaki vidogo, na mkate unapata vile vitundu vya kusimama wima tunavyovitaka sote. Ndiyo kusema kipupwe ni msimu wake hasa. Mkate ulioumuka saa mbili bila papara hutoka na tundu zilizolingana kuliko wa Februari uliokurupushwa.

Sukari nayo. Wako wanaoitia mwanzo, wako wanaoitia mchanganyiko ukishaumuka, na kila upande una bibi yake wa kumtolea ushahidi. Kaskazi sioni tofauti ya kugombaniwa. Kipupwe naegemea upande wa kuitia mwisho, kwa sababu sukari nyingi huizuia hamira isifanye kazi, na hamira iliyokwisha punguzwa kasi na baridi haihitaji mzigo wa pili. Mwanzo itie kijiko kimoja tu. Lakini kumbukeni sukari ikiyeyuka hulainisha rojo. Anayeitia mwisho aliache rojo zito kidogo kuliko anavyolitaka. Ute wa yai sijui kama ni lazima kama watu wanavyoapa. Bila yai mkate unatoka, mzito kidogo. Ukiutia, uingize kwa mwiko mwishoni kabisa, usirudishe blenda.

Hamira iliyofunguliwa tangu Ramadhani ikaachwa kabatini, kwa unyevu wetu huu, ijaribu kwanza: maji ya uvuguvugu, sukari kidogo, dakika 10. Haikutoa povu, itupe. Kijiko cha pili cha hamira mfu hakiifufui ya kwanza.

Na unga wa mchele wa dukani, kwa wanaouliza. Unafaa, ila ukiuchanganya na tui peke yake unatuama chini kabla haujaumuka. Chota vijiko 3 vya unga, pika uji mzito kwa kikombe kimoja cha maji, uache upoe mpaka uvuguvugu, ndipo uuchanganye na uliobaki pamoja na tui. Uji ndio unaoshika unga na hewa. Wanaoruka hatua hii ndio wanaosema mkate wa unga haufai.

Moto sitaki kusema sana. Sufuria ya chini nene, samli kidogo, iwe na moto kabla ya kumimina, rojo likigusa kando lisikike. Likishaumuka, na sukari na ute vimeshaingia, usilikoroge tena, mimina polepole kwa mkupuo mmoja. Makaa machache chini, mengi juu ya kifuniko, na ya chini uyapunguze zaidi kando zikishashika. Wengi wanafanya kinyume, chini kunaungua na juu kumepauka. Kwenye oveni nyuzi 180, dakika 30 mpaka 40, lakini uanze dakika 3 juu ya jiko ili chini kushike rangi. Kijiti kikitoka kikavu katikati, utoe, uache kwenye sufuria dakika 10 ndipo uupindue.

Kisha usiukate. Wanga wa mchele haujakaza ukiwa na moto, kisu kinaburura na tundu zote zinajifunga, halafu nitaletewa picha ya kipande kilichonata niulizwe kama hamira ilikuwa ndogo. Ungoje saa nzima. Waliorudi kusali wana chai na bokoboko la kuanzia.