Moto kichaa unazimwa mwezi wa sita, sio wa kumi

Kazi yangu ni kusoma picha za setilaiti. Kila asubuhi nikifika ofisini hapa Mikocheni nafungua ramani ya moto naangalia vidoti vyekundu vya Kilwa, Liwale na Rufiji, ndio maana Australia ikiungua watu huwa wananiuliza mimi, kaka, wenzetu wana hela na ndege za kuzimia, mbona wanashindwa?

Naanzia baharini. Mwishoni mwa 2019 mnakumbuka mvua zilivyotupiga hapa Dar, Jangwani hapapitiki? Bahari ya Hindi upande wetu ilipata joto kuliko kawaida na upande wa Indonesia ikapoa, basi mvua zikaegemea kwetu na Australia ikabaki kavu, na mwaka huohuo ndio ulikuwa wa joto kali na ukavu kuliko yote waliyowahi kupima. Yaani bahari moja, sisi tunazama wao wanaungua. Moto wa msimu ule wa joto kule Australia uliua watu 33 na kuteketeza nyumba zaidi ya 3,000.

Kinachoniuma ni kwamba walionywa. Aprili 2019 wakuu wastaafu wa zimamoto wakiongozwa na Greg Mullins waliomba kuonana na waziri mkuu Scott Morrison wamwambie kinachokuja, hawakupata nafasi, na Desemba moto umepamba yeye yuko likizo Hawaii. Kabla ya hapo bunge lao lilishaifuta mwaka 2014 tozo ya hewa ya ukaa, ile inayoongeza joto duniani, iliyoanza 2012. Baada ya maafa ikaundwa tume, ikatoa mapendekezo 80, na 2022 wakapitisha sheria ya kupunguza gesi zinazoongeza joto duniani kwa asilimia 43 ifikapo 2030 ukilinganisha na 2005. Ni hatua nzuri, ila imechelewa mno.

Lakini kuna kitu wamekipatia, na kinatuhusu kabisa. Kaskazini kwao, Arnhem Land, tangu 2006 wenyeji Waaborijino wanalipwa kuchoma mapema, mwanzoni mwa kiangazi nyasi zikiwa bado na unyevu. Moto huo unatembea chini, usiku umande unauzima, unaacha viraka viraka, kwa hiyo ule mkubwa wa mwisho wa kiangazi ukija unakosa pa kupita, na moshi na gesi vinapungua. Hela za mwanzo zilitoka kiwanda cha gesi cha mji wa Darwin, kufidia hewa chafu yake.

Misitu yetu ya miombo inataka hivyohivyo. Wazee wa vijijini wanajua, na Kilwa kuna vijiji vyenye misitu yao vimeshafanya. Moto kichaa kwetu mwingi unaanzia kwenye kuandaa mashamba, kurina asali, na wafugaji wanaotaka nyasi changa zichipue, halafu ikifika Septemba na Oktoba majani ni makavu kama karatasi, hapo hata uite nani huzimi.

Shida ninayoiona mimi ni kalenda. Kuchoma mapema ni Mei mpaka Julai, na mwaka wa fedha wa serikali unaanza Julai mosi, kwa hiyo Mei kasma, yaani mafungu ya bajeti, zimeshakauka na ikifika hela mpya kijijini nyasi nazo zimeshakauka. Naomba wanaopanga bajeti za misitu watenge fungu la moto litoke mwezi wa nne, hata dogo tu, la mabuti, posho na chakula cha kamati za mazingira za vijiji wakiwa porini zile wiki mbili tatu.