Yule mzee jukwaani hakuwa peke yake

Kila nikianza kufundisha buto, dansi ya Kijapani, hakosi mwanafunzi wa kuniuliza mbona mchezaji wake yuko peke yake, uso kaupaka rangi nyeupe, anajikunja polepole kama mtu aliyesahauliwa. Humpa kisa cha Kazuo Ohno, mcheza buto wa Japani.

Mwaka 1929 Ohno, kijana kutoka Hokkaido, akiwa Tokyo alikwenda kumtazama Antonia Mercé, mcheza dansi za Kihispania aliyejulikana kama La Argentina. Akatoka pale na kitu moyoni, akakaa nacho miaka 48. Katikati akaenda vitani China na New Guinea, akatekwa, akarudi kufundisha wasichana mazoezi ya viungo huko Yokohama. Kisha siku moja mwaka 1976 akasimama mbele ya mchoro wa Natsuyuki Nakanishi, na yule mama akamrudia. Mwaka uliofuata, akiwa na miaka 71, akavaa gauni na kofia ya maua akamcheza.

Mwongozaji alikuwa Tatsumi Hijikata, mwanzilishi wa buto, ambaye kwa umri angeweza kuwa mwanawe. Hijikata alikuwa mtu wa kupanga: madaftari yake yalijaa maneno na picha alizokata na kubandika, kila moja ikiwa na umbo lake mwilini. Ohno alikuwa mtu wa kuacha lije lenyewe. Ungedhani wangegombana siku ya kwanza. Lakini onyesho hilo lilihitaji wote wawili: linaanzia kwenye viti vya watazamaji, mzee kavaa kama kahaba aliyechakaa, anapanda jukwaani, anakufa, anazaliwa upya kama msichana. Mpangilio wa namna hiyo una jicho la mtu aliyekaa nje akitazama.

Zoezi moja la Hijikata nalitumia hadi leo. Mdudu anatambaa kwenye kidole chako cha shahada, mkono wa kulia. Wa pili anashuka shingoni, kushoto. Wanaongezeka mpaka hujui uwafukuze wapi. Nilipolijaribu mara ya kwanza nilijikuna na kukunja uso kwa bidii zote, nikajiona fundi. Mwenzangu aliyekuwa akinitazama akasema, “Wewe unanionyesha mdudu. Mimi nataka nione anavyokutembelea.” Nilinuna wiki nzima. Alikuwa sahihi, na peke yangu nisingeligundua hilo hata kwa kioo.

Hijikata alipofariki mwaka 1986, kiti cha mwongozaji kilichukuliwa na Yoshito, mtoto wa Ohno. Huyu hakuwa mgeni: alikuwa jukwaani na Hijikata tangu 1959, katika onyesho linalohesabiwa kuwa la kwanza la buto. Baba alipozeeka na miguu ikakataa, aliendelea kucheza ameketi, kwa mikono tu. Alifariki mwaka 2010, ana miaka 103. Wanafunzi wangu sasa huanza na kiti.