Uliza Zimebaki Nafasi Ngapi, Usiulize Gari Linatoka Saa Ngapi

Kazi yangu ni ukarani wa stendi hapa Malindi: kupanga magari kwa zamu, kukata tiketi, kukadiria mizigo kwa macho, na kutukanwa. Matusi nimeyazoea. Kuna neno moja tu ambalo kila nikilisikia damu hunichemka, na wiki hii limesemwa tena, na dada mmoja aliyetokea stendi saa tano asubuhi akiwa na tiketi ya treni ya saa tisa alasiri, kituo cha Miritini upande wa Mombasa. "Kaka yangu, mwambie dereva akanyage, atafidia njiani."

Dada yangu, njiani hakufidiwi kitu. Tupige hesabu tuone.

Malindi hadi Mombasa ni kama kilomita 120. Gari la abiria halitakiwi kuvuka kilomita 80 kwa saa, na spidi gavana, kile kifaa cha kuzuia gari lisivuke mwendo huo, imekuwa lazima tangu sheria za marehemu John Michuki, waziri wa uchukuzi wa wakati huo, zianze kutekelezwa mwezi wa pili mwaka 2004. Lau gari lingekwenda 80 mtindo mmoja bila kugusa breki, lingechukua muda wa saa moja na nusu. Nani kati yenu amewahi kufika kwa saa moja na nusu? Safari ya kawaida ni saa mbili na nusu hadi tatu, na siku Mtwapa ikiharibika inapita hapo. Hiyo saa nzima na zaidi haikuliwa na dereva mwenye mguu mwepesi. Imeliwa gari likiwa limesimama au linatambaa: hapa stendi likisubiri kujaa, Gede likimshusha mama na magunia yake, Matsangoni, Kilifi mjini ambako nusu ya abiria hushuka na makanga anatafuta wengine wa kuziba nafasi, halafu foleni ya Mtwapa, halafu Bamburi, halafu Nyali darajani.

Sasa mpe dereva ruhusa ya kukimbia, akubali kuvunja sheria kwa ajili yako. Atakimbilia wapi? Barabara ina matuta kila penye shule na soko. Patakapobaki ni ule mwambao wa msitu wa Arabuko-Sokoke na kule kwenye makonge ya Vipingo, na vipande vingine hapa na pale. Tuwe wakarimu, tuseme jumla ni kilomita 60. Kwa mwendo wa 80, kilomita 60 ni dakika 45. Kwa mwendo wa 100, ni dakika 36. Ulichopata ni dakika tisa. Dakika tisa! Kwa hizo umeweka roho yako na za wenzako kumi na tatu mkononi mwa kijana ambaye ameamka saa tisa usiku kuwahi zamu. Kisha mnafika Mtwapa mnakuta trela limekwama kuingia barabarani, mnakaa nusu saa, na yale magari mliyoyapita kwa mbwembwe kule Vipingo yanakuja kupanga foleni nyuma yenu, moja, mbili, tatu.

Wakati huokolewa mahali unapopotea, na unapotea stendi na kwenye foleni. Kwa hiyo mtu anayetaka kuwahi anawahi kitandani. Magari ya kwanza, yale yanayotoka kabla adhana ya alfajiri haijaisha vizuri, hujaa upesi kwa sababu kila aliyepo ana shughuli Mombasa: kliniki, mahakama, mzigo wa soko la Kongowea. Hakuna anayekaa akisubiri rafiki. Mtwapa mnaipita kabla haijaamka. Huo ndio ufidiaji pekee ninaoujua, na nimeusema mpaka wenzangu wananiita maalim.

Na hao wa treni, naomba wanisikilize mara moja, wasinipigie simu tena. Kituo cha treni ya Madaraka hakipo mjini Mombasa. Kiko Miritini, bara upande wa pili. Ukishuka mjini bado una Makupa, una Changamwe na malori yake ya bandarini, na ukifika kuna ukaguzi wa mizigo, mbwa wa kunusa na foleni ya kupita mashine. Treni haijazi watu ndipo iondoke. Saa yake ikigonga imeondoka, tangu 2017 hawajamsubiri mtu. Ya saa tisa alasiri, toka Malindi saa mbili asubuhi. Ya saa nne usiku, saa saba mchana usiwe bado unakunywa chai nyumbani. Ukiona nimekuzidishia muda, chukua kitabu ukasome Miritini.

Wazee waliokuwa wakivuka kwa kivuko pale Mnarani, kabla ya daraja la Kilifi kufunguliwa 1991, hawanisumbui hata kidogo. Wanakuja na chupa ya maji, andazi na subira. Wanaonisumbua ni waliozaliwa daraja lipo.

Swali la pili kwa kuniudhi ni "gari linatoka saa ngapi?" Watu wanaamini kuna ratiba nimeificha mfukoni. Mabasi makubwa ya safari ndefu yana saa. Matatu ya watu kumi na wanne haina saa, ina nafasi. Likijaa linaondoka, kwa sababu mwenye gari ana hesabu ya kupelekewa jioni, na gari likitoka na viti vinne vitupu hesabu hiyo inatoka kwenye posho ya dereva na makanga. Niulize zimebaki nafasi ngapi, hapo nitakujibu ukweli. Nafasi tatu asubuhi ni jambo la dakika chache. Nafasi tatu hizo hizo saa nane mchana siku ya Jumanne, jua likiwa utosini, zinaweza kukukalisha saa nzima.

Ila nikwambie na siri ya wenzangu, maana mimi sijazaliwa kulinda aibu. Ukichungulia ukaona gari limejaa, tazama vizuri. Wale vijana wawili wa nyuma wasio na mzigo, wasio na tiketi, wanaotafuna miraa na kumjua makanga kwa jina la utani, hao si abiria. Wamewekwa ili wewe uone limebaki kiti kimoja. Ukishaingia, mmoja anashuka "kununua maji". Hesabu watu wenye mikoba.

"Mbona lile la nyuma ni zuri na tupu, mnatulazimisha hili?" Kwa sababu ni zamu. La kwanza kufika ndilo la kwanza kupakia. Tukiacha kila mtu achague, tutakuwa na magari matano yenye watu watatu watatu, na hakuna litakalotoka mpaka adhuhuri. Ndiyo, kuna makarani wanaouza zamu. Hilo nalijua, na si hoja ya kuvunja foleni.

Sasa barabara ya Lamu, ambayo nayo ina imani zake.

Mwezi wa kumi na moja 2023, wakati wa zile mvua za El Niño, tulikuwa tunawaambia watu kwamba magari ya Lamu hayapiti, na wao wanatazama juu: mbingu safi, jua la kukausha kanga kwa dakika kumi. "Mnatudanganya ili mpandishe nauli. Mvua iko wapi?" Mvua haikuwa Malindi, wala haikuhitaji kuwa Malindi. Mto Tana hauchoti maji yake Pwani. Unaanzia Aberdare na Mlima Kenya, unapita mabwawa ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, unateremka Garissa na Hola hadi Garsen, ndipo uingie baharini Kipini. Mabwawa yakijaa yakafurika juu huko, maji yanashuka taratibu uwandani na kutufikia baada ya siku kadhaa, wakati ambapo waliopigwa na mvua yenyewe wameshaanika nguo zao. Pale Gamba na Lango la Simba yaliipanda barabara na kuikata, magari yakalala upande huu na abiria upande ule.

Wengine wakasema, si imewekwa lami? Imewekwa, kutoka Garsen kupitia Witu hadi Lamu, na aliyepita njia hiyo enzi za vumbi na matope anajua neema yake. Lami inaondoa matope. Bonde la mto linabaki bonde la mto, na maji yakiwa mengi yanapita juu ya lami kama yanavyopita juu ya udongo.

Kwa hiyo msimu wa mvua usitazame mawingu ya Malindi. Sikiliza habari za Garissa. Ukisikia watu wa kando ya mto wanahamishwa huko, mwambie bwana harusi wa Lamu kwamba hutafika, au panda ndege. Kipimo kingine kiko karibu, ingawa ni cha mto mwingine: Sabaki ukiwa mwekundu na kujaa kingo kwa kingo wakati hapa hapajanyesha, ujue bara kuna maji, na Tana huenda unayo yake.

Kuchelewa kwingine kwa njia hiyo hakuna uhusiano na maji. Tangu shambulio la Mpeketoni la Juni 2014, safari za Lamu zimekuwa na vizuizi, kukaguliwa vitambulisho, na kwa vipindi virefu magari kusubiriana yaende kwa msafara wa polisi. Januari 2020 basi lilishambuliwa Nyongoro na watu wakafa. Basi likisimama Minjila kusubiri wenzake, dereva hajalala, na kunipigia mimi simu Malindi hakutalisogeza. Beba kitambulisho chako mkononi, si ndani ya sanduku lililofungwa buti, maana abiria mmoja anayepekua sanduku huwaweka juani wenzake hamsini.

Na basi la Lamu halikufikishi Lamu. Linakufikisha Mokowe, kisha unapanda boti. Mtu wa Malindi ananipigia saa kumi na mbili jioni kuniuliza kwa nini ameshushwa "porini penye maji". Hapo ndipo mwisho wa barabara, bwana. Na kama unaendelea Pate au Faza, boti za huko hufuata maji ya kujaa na kupwa, kwa hiyo lala Lamu, uondoke kesho.

Imani nyingine za abiria nazipitia mbio.

Kwamba foleni itakwisha barabara ikishapanuliwa. Upanuzi ni wa kutoka Mombasa kupitia Mtwapa kuelekea Kilifi. Kilifi hadi Malindi tunabaki na njia yetu ile ile, matuta yetu yale yale. Utasaidia, sikatai. Kungoja kwako stendi hautakugusa.

Kwamba mafuta yakishuka tarehe 14 nauli lazima ishuke tarehe 15. EPRA, mamlaka ya serikali inayosimamia nishati, hutangaza bei ya juu ya mafuta kila mwezi; nauli haitangazi. Nauli ya matatu inapangwa na wenye magari na kusukumwa na wingi wa watu. Ndiyo maana Idi na Disemba hupanda: Mombasa kuja Malindi watu wanagombania madirisha, na gari linarudi Mombasa na abiria wawili na kuku. Nauli ya upande mmoja inalipa mafuta ya pande zote mbili. Kuna wanaozidisha kwa uroho tu, na dawa yao ni kusafiri siku mbili kabla ya umati.

Kwamba mkanda ni wa aliyekaa mbele na dereva. Ni wa kila kiti, na ukikamatwa hujaufunga utashtakiwa wewe, si makanga.

Kwamba ukituma pesa kwa simu kiti ni chako hata ukija baada ya saa moja. Kwa mabasi yenye tiketi, soma tiketi yako inasema nini. Kwa matatu, kiti ni cha aliyekikalia. Na usimtumie pesa mtu anayejiita karani ambaye hujamwona mezani. Hapa kuna vijana wana makaratasi mazuri kuliko yangu.

Kwamba chama cha ushirika cha matatu ndicho chenye magari, kwa hiyo mzigo ukisahaulika chama kinajua uko wapi. Kanuni za 2014 zilitaka wenye magari ya abiria wawe chini ya chama au kampuni yenye magari yasiyopungua 30. Lakini kila gari lina mwenyewe, na siku hiyo huenda linaendeshwa na dereva wa kushikiza ambaye hata mwenyewe hajaonana naye. Mkifika mwisho, yeye anarudisha gari na kwenda zake. Kwa hiyo kabla hujapanda, piga picha namba ya gari. Ukija ofisini na namba, mkoba wako unaweza kurudi jioni hiyo hiyo. Ukija kuniambia ni "ile Nissan nyeupe yenye mstari wa manjano", mama yangu, simama hapo mlangoni uangalie stendi nzima, kisha unionyeshe ambayo si nyeupe.