Bakteria wa utumbo: utafiti unaturuhusu kushauri nini kuhusu chakula?

Matangazo ya vidonge vya "bakteria wazuri" yamezidi, na wengi hutuuliza kama vinafaa kununuliwa. Kabla ya kujibu hatuna budi kutazama utafiti wenyewe umepima nini.

Bakteria wanaoishi katika utumbo mpana hutegemea sana nyuzinyuzi, yaani ile sehemu ya nafaka, kunde, mboga na matunda ambayo mwili wetu hauwezi kuimeng'enya. Wakiichachusha hutoa, pamoja na vitu vingine, butireti, ambayo ndiyo nishati kuu ya seli za ukuta wa utumbo huo.

Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2015, Wamarekani weusi 20 na wanakijiji 20 wa Afrika Kusini walibadilishana aina ya mlo kwa wiki 2. Wamarekani, waliozoea takriban gramu 14 za nyuzinyuzi kwa siku, walipandishwa hadi 55 huku mafuta yakipunguzwa. Wenzao walishushwa kutoka gramu 66 hadi 12, wakala baga na chipsi. Butireti iliongezeka mara 2.5 kwa Wamarekani na ikapungua kwa nusu kwa Waafrika, na viashiria vinavyohusishwa na hatari ya saratani ya utumbo mpana vikashuka kwa wale na kupanda kwa hawa.

Hata hivyo, wiki 2 haziwezi kuonyesha nani angeugua na nani asingeugua. Tena nyuzinyuzi na mafuta vilibadilishwa kwa pamoja, hivyo si rahisi kusema kipi kilifanya kazi gani. Matangazo huiruka hatua hii.

Kwa hiyo hatushauri kwa kutegemea jaribio moja. Shirika la Afya Duniani, lililopima ushahidi mpana zaidi, lilipendekeza mwaka 2023 angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku kwa mtu mzima, na utafiti wa bakteria unatusaidia kueleza kwa nini. Dona badala ya sembe, pamoja na maharage au choroko na mchicha, humsogeza mtu karibu na kiwango hicho. Asiyezoea aongeze polepole na anywe maji ya kutosha, la sivyo tumbo litajaa gesi na atauacha mlo huo mapema.

Vipo pia vipimo vya kinyesi vinavyouzwa kwa madai ya kumpangia kila mtu mlo wake. Sayansi bado haijakubaliana utumbo wenye afya unapaswa kuwa na bakteria gani na kwa kiasi gani, kwa hiyo hatuvitumii. Ama vile vidonge, mtu mzima mwenye afya ambaye hakuandikiwa na daktari anaweza kununua maharage kwa fedha hiyohiyo.