Je, mjukuu hurithi hatia ya babu?

Kwa miaka mingi nilijua jibu ni ndiyo. Huku Moshi kihamba, shamba la migomba la ukoo, hutoka kwa baba kwenda kwa mwana, nami nikaona hatia nayo hupita hapohapo: ukipewa migomba, umepewa na damu iliyomwagika chini yake. Nilikosea, na ninawasikia wengi wakikosea vilevile.

Hatia humfuata mtenda. Mshtakiwa wa jinai akifa, kesi hufa naye. Mahakama haimwiti mwanawe kizimbani. Hata deni la marehemu hulipwa kutokana na mali aliyoiacha, si mfukoni mwa mrithi. Ezekieli sura ya 18 inasema mwana hatauchukua uovu wa baba yake, na Kurani inasema hakuna abebaye mzigo wa mwingine. Shamba hurithiwa. Tendo halirithiwi.

Mbona basi watu huumia? Novemba 2023, Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, aliomba msamaha Songea kwa mauaji ya Wajerumani wakati wa Vita vya Majimaji. Alizaliwa 1956, miaka mingi baada ya vita hivyo.

Fikiria mfongo, ule mfereji wa kale unaoteremsha maji ya mlimani hadi kihambani. Kiangazi huleta maji safi. Mvua kubwa ikinyesha huko juu, huleta tope. Mfereji ni mmoja, na mlango wake ni neno "sisi". Nikisema "sisi tuliwapinga Wajerumani" kwa kujivunia Mangi Meli, mtawala wa Kichaga aliyenyongwa na Wajerumani Old Moshi Machi 2, 1900, nimeshafungua mlango. Hapo hapo inateremka habari ya 1896: wamisionari wawili waliuawa Akeri, Meru, na jeshi la Wajerumani lilipokwenda kulipiza kisasi kwa Wameru na Waarusha, wapiganaji wa Kichaga walikuwa humo, wakarudi na ng'ombe na mateka. Nilikuwa nimeishi Arusha muda mrefu kabla ya kuisikia, na nilipoisikia niliona aibu. Si hatia, ni tope la mfongo nilioufungua mwenyewe.

Si kila mtu hukubali tope. Utafiti wa Uholanzi uliochapishwa 1998 uliwapa wanafunzi habari za ukoloni wa nchi yao huko Indonesia. Habari zilipochanganya mema na mabaya, walioshikamana sana na taifa lao walihisi hatia kidogo kuliko wenzao. Hao ni wanafunzi wa nchi moja, kwa hiyo sithubutu kuwapimia Wachaga kwa kipimo hicho, ingawa nakumbuka jinsi nilivyokuwa nikisimulia ya Meli peke yake.

Kuna kitu kimoja ambacho kweli hurithiwa: kilicho mkononi. Septemba 2023 taasisi ya makumbusho ya Berlin ilitangaza kuwa vipimo vya vinasaba vimepata ndugu walio hai Tanzania wa mafuvu matatu yaliyochukuliwa wakati wa ukoloni na yaliyo katika hifadhi yake. Watumishi wa leo hawakumkata mtu kichwa. Lakini funguo za kabati wanazo wao, na ndugu wanasubiri kuzika. Fuvu la Meli, linaloaminika kupelekwa Ujerumani, bado linatafutwa.