Makanisa ya kale hayakujengwa kwa sala peke yake

Wengi tumezoea kusikia kwamba makanisa makubwa ya Ulaya yalijengwa na waumini waliojitolea bure, kwa imani tu. Imani ilikuwepo, na sadaka zilichangwa. Lakini mawe yalichongwa na mafundi waliolipwa, kwa siku au kwa idadi ya mawe, na wengi waliweka alama zao juu ya jiwe.

Ushahidi mzuri kuliko wote, kwangu mimi, ni picha ndogo ya mchoraji Jan van Eyck ya mwaka 1437, iliyopo Antwerpen, Ubelgiji. Mbele ameketi Mtakatifu Barbara na kitabu chake. Nyuma yake, mnara wa hadithi yake, ule ambao baba yake alimfungia, umechorwa kama mnara wa kanisa la enzi hizo, bado unajengwa. Itazame kwa karibu: bandani waashi wameinama wanachonga mawe, wengine wanayabeba, na kule juu kabisa kuna winchi ya kuyapandisha. Mtakatifu ametulia, nyuma yake watu wanatoka jasho.

Hata vifaa vinasema. Kuta nyeupe katika picha za Pieter Saenredam, Mholanzi wa karne ya 17 aliyechora ndani ya makanisa, mara nyingi hudhaniwa kuwa mawe meupe. Ni chokaa. Waprotestanti walifunika kwa chokaa michoro ya zamani ya Kikatoliki. Na dari la kanisa la Mtakatifu Bavo, Haarlem, lililojikunja kama tao la mawe, ni la mbao.