Mtoto akijua katiba, atakupanda kichwani?

Wazazi wengi Kenya huamini hivyo: mfunze mtoto haki zake na adabu inaishia hapo. Hofu hiyo naielewa, ila haitokani na katiba yenyewe.

Kifungu cha 53 cha Katiba ya 2010 kinampa mtoto jina na uraia tangu kuzaliwa, elimu ya msingi ya bure na ya lazima, lishe, makao, matibabu, na ulinzi dhidi ya ukatili. Hakisemi popote kwamba asioshe vyombo wala asitumwe dukani. Tena Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto wa 1990, ambao Kenya imeuridhia, unamtaka awaheshimu wazazi na wakubwa wake na kuwasaidia.

Jaribu hili darasani. Waache wanafunzi watunge kanuni zao na kuzipigia kura. Huenda mmoja akapendekeza anayechelewa anyimwe chakula cha mchana, na wengi wakaunga mkono. Hapo wafungulie Kifungu cha 53, wasome neno "lishe", kisha nyamaza. Watabishana wenyewe mpaka wagundue kuwa wingi wa kura hauwezi kumpokonya mwenzao haki yake. Somo hilo la kumjali mwenzako, ndilo wazazi wanaloliita adabu.

Kisha wapeleke bunge la kaunti. Kifungu cha 196 kinataka vikao vyake viwe wazi kwa umma, na mwanafunzi ni umma pia. Andikieni ofisi ya karani mapema, na kila mtoto aende na swali lake moja.